Mheshimiwa na Siku ya Kuvunja Chama

Kutoka Timau hadi Mukurweini ni safari ya asubuhi moja kwa mtu mwenye akili zake. Mimi ilinichukua miaka. Nilitoka Nakuru nilipomaliza kidato cha nne, nikawaambia nyumbani kwamba naenda kumtembelea mjomba Nanyuki, na Nanyuki sikuwa na mjomba. Nilikata maua Timau, nikachimba viazi Naro Moru, nikalinda ghala la mchele Kutus, ambako mbu walinifundisha kulala nimejifunika hadi utosini. Kisha nikapanda tena milimani, nikachuma majani chai Wamagana mpaka kucha zikawa nyeusi. Kila mahali nilikaa hadi watu walipoanza kunizoea, halafu nikaondoka. Hakuna niliyekuwa nikimkimbia. Nilikuwa tu na miguu ambayo ikisikia lori linapiga honi inaamka yenyewe.

Mwisho nikawa utingo wa lori la nyasi kavu. Tulizitoa Timau, ambako shamba moja halionekani mwisho wake, tukazishusha kwa wafugaji wa huku chini, ambao ng'ombe wao hula zizini kwa sababu shamba lote ni mteremko. Siku moja ya mvua lori likakwama kwenye tope ng'ambo kidogo ya mji wa Mukurweini. Dereva akaketi kando ya barabara akaanza kuitukana serikali. Nyasi zikawa zinalowa. Ndipo akatokea mzungu mzee juu ya baiskeli, miguu ya suruali imefungwa kwa kamba, koti la mvua la rangi ya machungwa. Akashuka, akalitazama lori, akatutazama sisi, akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu:

"Habari za mchana. Nyasi hizi ni za chama. Tuzifunike kwanza, halafu tutalaumiana."

Tukazifunika kwa turubai lake na maturubai ya majirani. Lori lilipotolewa kwenye tope dereva alirudi zake Timau. Mimi nilibaki, nikidhani ni kwa wiki moja. Sijawahi kukaa mahali popote muda mrefu kama niliokaa pale, na sababu ni yule mzee.

Hatukumwita kwa jina. Alikuwa Mheshimiwa, basi. Kwao Uholanzi alikuwa mbunge, tena si mbunge wa kuingia kwenye chama cha wengine. Yeye na mwenzake walianzisha chama chao wenyewe. Alipoacha siasa alikuja kuishi huku, akapanga nyumba ya mawe kwenye kilima, akanunua ng'ombe mmoja, na kwa sababu ya huyo ng'ombe akawa mwanachama wa kikundi cha akina mama wanaouza maziwa pamoja. Alikuwa mwanamume pekee. Mimi nilikuwa wa kuendesha pikapu yake asubuhi, kuzoa mikebe ya maziwa nyumba kwa nyumba na kuifikisha kwenye tangi la kupozea.

Kisa cha alivyoingia kikundini nilisimuliwa na Mwenyekiti, mama mjane mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alisema Mheshimiwa alikuja siku ya kwanza amevaa tai, akajitambulisha: "Mimi nilikuwa mwanzilishi wa chama." Akina mama wakafurahi sana. Huku kwetu chama ni hicho cha akina mama, cha kuchanga na kupeana kwa zamu. Lakini Mheshimiwa Kiswahili chake alikipata Tanzania, ujanani, alipokuwa akijitolea kufundisha ufugaji, na huko wakati ule chama kilikuwa kimoja tu na kilikuwa na bendera.

"Mlikuwa mnakutana wapi?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Jikoni kwangu."

Hapo wakamwamini kabisa.

"Na mlikuwa mnapika?"

"Kahawa tu."

"Zamu ya kupata ilikuwa inaenda aje?"

"Kupata nini?"

"Si mgao. Nani alipata kwanza?"

"Hakuna aliyepata kitu," Mheshimiwa akasema. "Tulikuwa tunatoa tu."

Akina mama wakaangaliana. Cucu, yaani bibi yetu, mwanachama mzee kuliko wote, akamgeukia Mwenyekiti akasema kwa upole, "Huyu aliibiwa. Mwandike."

Ndivyo alivyoandikwa. Ilichukua miezi mtu kugundua kwamba walikuwa wanazungumzia vitu viwili, na wakati huo hakuna aliyejali.

Vijana wa bodaboda kwenye steji ndio walioshindwa kumwamini. Alikuwa na pesa za kununua pikipiki lakini alipanda vilima vya Mukurweini kwa baiskeli, uso umeiva kama nyanya, na akifika juu anashuka na kuipigapiga kwenye kiti kama punda aliyefanya kazi nzuri.

"Mheshimiwa, bodigadi wako wapi?"

"Nimewaacha nyuma. Hawana pumzi."

"Na huko bungeni ulikuwa unaenda na nini?"

"Na baiskeli."

"Ati mbunge na baiskeli? Huyu alifukuzwa," mmoja akawaambia wenzake, na Mheshimiwa akatikisa kichwa kukubali, akisema kwamba kweli, mwishowe alifukuzwa, lakini si kwa sababu ya baiskeli.

Akawaeleza. Kwao mbunge akitoka kwenye chama hubaki na kiti chake hadi uchaguzi mwingine, na magazeti humwita mwizi wa kiti. Naye aliwahi kuitwa hivyo. Alikaa bungeni peke yake, nyuma kabisa, chama cha mtu mmoja, mpaka wapiga kura wakamtoa. Alidhani vijana watamdharau. Yule msemaji wao akafikiri kidogo akasema, "Huku kiti wanaiba kwanza, chama wanatafuta baadaye. Wewe ulikuwa mtu mzuri."

Alikuwa na mambo yaliyotushinda kuelewa. Ukimtembelea alikupa kahawa na biskuti moja. Moja. Kisha anafunika kopo na kulirudisha kabatini, na wewe unabaki ukitazama kabati. Watu wa huku, ambao mgeni wao hamalizi kikombe kabla hajajaziwa, walilizungumzia kopo lile kwa miaka. Mwenyekiti aliapa kwamba siku moja atalifungua mwenyewe, na siku moja alilifungua kweli, akala tatu mfululizo akimtazama usoni. Mheshimiwa akaandika kwenye kalenda ya ukutani anunue biskuti. Lakini mtu huyohuyo wa biskuti moja, ng'ombe wa Cucu alipozaa vibaya, alilala zizini kwenye mabua kando ya yule ng'ombe na akafanya hivyo tena usiku uliofuata, na Cucu alipotaka kumshukuru akasema hakuna haja, alikuwa na kitabu cha kusoma.

Na kupongeza. Kwao, mtu akiwa na siku ya kuzaliwa, mgeni hupongeza nyumba nzima. Mjukuu wa Mwenyekiti alipozaliwa, Mheshimiwa akaja na maua, akampa mkono mama mzazi, akampa mkono bibi, kisha akazunguka chumba chote: "Hongera kwa mtoto. Hongera kwa mtoto." Akamfikia fundi wa mabomba aliyekuwa amekuja kurekebisha tangi, akampongeza naye. Fundi akaruka kando. "Mzee, mimi sihusiki na hii maneno," akasema, na nyumba ikaangua kicheko kiasi kwamba mtoto akaamka.

Lakini penye mkutano ndipo alipokuwa yeye hasa. Alipenda mikutano kama wengine wanavyopenda mpira. Mwenyekiti akiuliza, "Tumekubaliana?" na sisi sote tukiitikia, yeye aliinua kidole na kusema, "Bado kuna mtu hajasema." Kisha anamgeukia yule aliyenyamaza kuliko wote. Mara ya kwanza alinigeukia mimi, dereva, niliyekuwa nimeegemea mlango nikingoja waishe.

"Wewe unaonaje?"

Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini na sikumbuki mtu kuniuliza swali hilo kabla. Nilikuwa nimeulizwa natoka wapi, kabila gani, nataka nini. Nikasema kitu kuhusu barabara ya upande wa chini, kwamba tukianza huko asubuhi maziwa hayatachacha. Wakajadili. Wakakubali. Kesho yake nilianza upande wa chini, na nadhani ndiyo siku miguu yangu ilipotulia.

Maisha yake ya siasa aliyasimulia vipande vipande, mara nyingi akikamua, kichwa chake kimeegemea ubavu wa ng'ombe, hivi kwamba nilipata hadithi pamoja na sauti ya maziwa kwenye ndoo. Alianza kwenye baraza la mji mdogo ulio chini kuliko bahari, kazi yake ya kwanza ikiwa kubishana juu ya mfereji. Chama alichokuwamo kilisahau wakulima wadogo, akasema, basi yeye na mwenzake wakatoka, wakaketi jikoni, wakaandika wanachoamini nyuma ya karatasi za ukuta zilizobaki baada ya kupamba nyumba. Walibishana juu ya jina la chama hadi kahawa ikaisha. Waligawa vipeperushi sokoni kwenye baridi, yeye upande mmoja wa barabara, mwenzake upande mwingine, wakishindana. Walipoingia bungeni mara ya kwanza hawakujua mlango wa kupitia, wakaingilia jikoni.

"Mwenzangu alisema ni sawa," akaniambia, "tulianzia jikoni."

Siku zote alisema hivyo, mwenzangu. Mwenzangu alikuwa na akili, mwenzangu alikuwa mkaidi, mwenzangu alijua kuhutubia. Na alipofika hapo sauti ya maziwa ilikuwa inakatika.

Kilichowatenganisha kilikuwa hiki. Vyama vikubwa viliwaita waingie serikalini pamoja. Wangepata sehemu ya waliyoyaahidi na kuyaacha mengine. "Mwenzangu alisema bora nusu mkate," alisema Mheshimiwa. "Mimi nikasema huo si mkate wetu." Wakapiga kura ndani ya chama, akashindwa kwa kura chache, akatoka siku hiyohiyo bila kuaga. Nikamuuliza kama ule nusu mkate ulipatikana.

"Ulipatikana," akasema. "Watu wakala. Mimi nilibaki na njaa na mikono misafi."

Toka siku ile hakuwa amezungumza na mwenzake. Mwenzake ndiye aliyekuwa akimtafuta. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana simu ililia, Mheshimiwa akaitazama, akaigeuza kifudifudi mezani, akangoja inyamaze.

"Si uchukue," nikamwambia siku moja.

"Tulishamaliza kuzungumza."

"Nani alimaliza?"

Akaenda kufunika kopo la biskuti, ambalo lilikuwa limefunikwa tayari.

Mwaka ule wa mwisho simu zilianza kuja katikati ya wiki pia. Binti wa yule mwenzake alimwandikia Mheshimiwa ujumbe mfupi kwamba mzazi wake ni mgonjwa, haponi, na anamuulizia. Alinisomea, akairudisha simu mfukoni. Nilijua hapo, na yeye alijua, kwamba kilichobaki ni ama ainue simu au angoje isilie tena.

Ilikuwa Desemba. Asubuhi moja kwenye tangi la maziwa, Mwenyekiti akatangaza kwa ile sauti yake: "Ijumaa mtu asikose. Tunavunja chama."

Nilimwona Mheshimiwa akiweka mkebe chini polepole. Akanifuata kwenye pikapu, uso hauna damu.

"Kuna ugomvi gani?"

Mimi nilikuwa nawaza juu ya mbuzi. Akina mama walikuwa wamebishana wiki nzima, wa upande wa juu wakitaka mbuzi mmoja mkubwa wa Mwenyekiti, wa chini wakitaka wawili wadogo wa Cucu. "Ni maneno ya mbuzi tu," nikasema. "Watamaliza."

"Mbuzi," akasema. "Watavunja chama kwa sababu ya mbuzi?"

"Sasa watavunja bila mbuzi?" nikamjibu, nikawasha gari.

Siku zote zilizobaki alipanda na kushuka vilima vile kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, akiwasihi. Kila mama alimsikiliza akidhani anamtetea mbuzi wa upande mwingine. Aliambiwa, "Huyo wa Mwenyekiti ni mzee, nyama itakuwa ngumu." Aliambiwa, "Mheshimiwa, wewe usijali, tutakula tu." Alirudi jioni amechoka, akasema hajawahi kuona watu wanaosambaratika kwa furaha namna hii.

Ijumaa tulikusanyika nyumbani kwa Mwenyekiti. Mbuzi wote watatu walikuwa wamechinjwa, maana ndivyo walivyopatana, na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, ulikuwa kwenye sufuria kubwa umefunikwa kwa majani ya ndizi. Kabla sala haijaanza Mheshimiwa akasimama. Alikuwa amevaa ile tai.

"Mama zangu na dada zangu," akasema. "Nimewahi kuona chama kikivunjika. Nawaomba msivunje. Mtu anadhani anatoka kwa siku moja, hasira ikipoa atarudi. Harudi. Hasira inapoa na aibu inabaki, na aibu haipoi. Mnajenga kitu kwa miaka, jikoni, kwenye baridi, na siku moja mnatoka kila mtu na mlango wake, na hamjui kwamba hayo ndiyo yalikuwa maisha yenu. Mbuzi hawa hawafai kuwa sababu."

Cucu akamwinamia jirani yake: "Nani amekufa?"

"Mheshimiwa," akasema Mwenyekiti, taratibu, "kwani wewe hutaki kula?"

Ndipo ikajulikana. Wakamweleza, wote kwa pamoja, mpaka Mwenyekiti akawanyamazisha. Kuvunja chama si kuachana. Mwaka ukiisha mnatoa yote mliyoweka, mnagawana, mnakula pamoja, Januari mnaanza upya na wanaotaka. "Chama yenye haivunjwi inaoza," alisema Mwenyekiti. "Watu wanakaa na maneno kwa roho. Kwa hivyo tunavunja, tukiwa tunaonana."

Mheshimiwa akaketi. Alicheka, lakini hakufika mwisho wa kicheko.

Sasa, kikundi kile kilikuwa na desturi yake. Kabla ya chakula Mwenyekiti anazunguka, anamuuliza kila mtu swali moja: "Uko na neno na mtu?" Ukiwa nalo unalisema, linakatwa hapo, ndipo unapewa sahani. Miaka iliyotangulia Mheshimiwa alikuwa akisafiri Desemba, hakuwa amewahi kuikuta desturi hiyo. Mama mmoja alikuwa na neno juu ya majani ya nepia ya kulisha ng'ombe yaliyokatwa mpakani. Likaisha kwa kicheko. Cucu alisema hana neno na mtu ila magoti yake. Mwenyekiti akafika kwa Mheshimiwa.

"Uko na neno na mtu?"

"Hapa sina."

"Hapa?"

"Ninalo na mwenzangu. Yule tuliyeanzisha naye chama."

"Mlipovunja, mlikula?"

"Hapana."

"Basi hamkuvunja," akasema Mwenyekiti. "Mlitawanyika kama kuku. Ako hai?"

"Yu hai. Ni mgonjwa."

Mwenyekiti akaichukua sahani iliyokuwa tayari mkononi mwa binti yake, akaiweka nyuma yake. "Piga simu. Nyama itangoja."

Nilidhani atakataa. Alinitazama, kama vile alivyokuwa akitutazama sisi tulionyamaza. Nilisogeza kiti chake kivulini ili aione simu vizuri. Akapiga. Ikalia ikakatika. Akapiga tena, haikuchukuliwa. Mwenzake aliyekuwa akipiga kila Jumapili sasa hakujibu, na alichokiogopa Mheshimiwa nilikijua. Hakuna aliyegusa chakula. Mafuta ya nyama yalianza kuganda kwenye sahani za waliokwisha kuhudumiwa, na hata wao hawakula.

Kisha simu ikalia yenyewe. Aliipokea kwa kidole kilichokosea, sauti ikatoka nje sote tukaisikia: sauti nyembamba, ya uzee, ya mwanamke.

Minong'ono ikapita. Miaka yote tulidhani mwenzake ni mwanamume.

"Kumbe ni mama," akasema Cucu. "Mheshimiwa, hiyo ilikuwa chama ama ilikuwa boma ya bwana na bibi?"

Walizungumza kwa lugha yao. Yeye alisema machache. Yule mama alisema kitu, kisha akakohoa sana, kisha akauliza swali.

"Anasema nini?" Mwenyekiti akadai.

"Anauliza hizo kelele ni za nini."

"Mwambie ni chama."

Akamwambia. Sijui alikieleza vipi, lakini aliongea kwa muda, na nilimsikia akitaja mbuzi, maana alilitaja neno hilo kwa Kiswahili, na upande ule mwingine yule mama mgonjwa akaanza kucheka, kicheko kikakatizwa na kikohozi, kikarudi tena. Mheshimiwa alikuwa akilia na kucheka bila kujificha. Alipoweka simu chini Mwenyekiti alimpa sahani yake. Alikula yote, akaongezwa, akala.

Aliondoka mwezi uliofuata. Ng'ombe alimpa Cucu, pikapu akaiacha kwa kikundi, na mimi nikabaki naendesha. Gari la kukodi lilikuja kumchukua kutoka Nyeri mjini, na wanachama wote walikuwa barabarani.

Watu wa huku hatuagani kwa ukweli. Mtu akienda mbali kabisa tunamwambia tutaonana hivi karibuni, naye anaitika, na kila mmoja anajua. Mwenyekiti akaanza vizuri:

"Sasa utakuja Agosti. Mahindi itakuwa tayari."

"Hapana, Mwenyekiti," akasema Mheshimiwa. "Sitarudi. Yeye ni mgonjwa na mimi ni mzee. Nitakaa naye mpaka mwisho, na baada ya hapo sitakuwa na nguvu za kupanda kilima hiki. Nawashukuru. Lakini sitarudi."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Hata dereva wa gari aliinama akajifanya anakagua gurudumu. Ni Cucu aliyesogea mbele kwa magoti yake yale mabaya, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Sawa," akasema. "Basi tukulilie sasa, ukiona."

Wakamlilia pale barabarani, mchana, kwa sauti, kama tunavyolia tukishusha mtu kaburini, na mimi pamoja nao. Mheshimiwa alivua kofia. Akasimama akapokea kilio chake chote mpaka kikaisha, ndipo akaingia garini.